Anuarite: Safari Mbili za Lori na Miaka Mitano Katikati

Benaco ni mji wa malori. Hata jina lake si la Kihangaza wala la Kisubi: ni la kampuni ya Waitaliano waliokuja kujenga barabara, wakamaliza kazi, wakaondoka, jina likabaki midomoni mwa watu. Semi zinazotoka Dar es Salaam kwenda Kigali hupumzika hapa kabla ya kuteremkia Rusumo. Utingo anaruka chini, anagonga matairi moja baada ya jingine kwa kipande cha chuma huku akisikiliza mlio, na dereva anaagiza chai na chapati mbili kwa mama lishe. Mara nyingi kwenye kioo cha mbele utaona rozari inaning'inia.

Nikiyatazama malori hayo humkumbuka sista mmoja Mkongo. Aliingia utawani kwa lori akiwa kigori, amejibanza katikati ya wenzake ili mama yake asimwone. Akatolewa utawani kwa lori vilevile, safari hii chini ya bunduki, na siku mbili baadaye alikuwa maiti. Kanisa linamwita Mwenyeheri Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta. Hapa Tanzania wengi tunaandika Anwarite, na mabinti wetu wengi wamebatizwa kwa jina hilo, baadhi wakiitwa Anuarita.

Kifo chake tunakijua, kinahubiriwa kila Desemba 1. Ninachotaka kukisimulia ni kile kilichopita kati ya lori la kwanza na lori la pili, kwa sababu humo ndimo utakatifu wake ulimokaa bila mtu kuuona.

Alizaliwa Desemba 29, 1939, huko Wamba, kaskazini mashariki mwa Kongo, katika kabila la Wabudu, nyumba ya mabinti watupu. Baba yake aliitwa Amisi, jina ambalo msomaji wa pwani atalitambua mara moja. Mama yake ni Isude. Amisi alikuwa askari wa jeshi la kikoloni la Wabelgiji, na vita vya pili vya dunia vilimfikisha hadi Palestina. Mwaka 1943 mama na mabinti zake walibatizwa, na mtoto huyu akapewa jina Alphonsine. Baadaye Amisi alimwacha mkewe kwa kuwa hakumzalia mtoto wa kiume, akaoa mwingine. Nani katika nchi zetu hajawahi kuisikia kesi hiyo ikisemwa chini ya mgomba? Mtoto aliyekuja kuwa fahari ya Kongo nzima alikuwa mmoja wa mabinti ambao kuzaliwa kwao kulihesabiwa kuwa kosa la mama yao.

Hata jina tunalomwitia si lake. Nyumbani aliitwa Nengapeta, neno ambalo kwa Kibudu hutafsiriwa kuwa mali hudanganya. Anuarite lilikuwa jina la ndugu yake. Siku ya kuandikishwa shule, sista wa Kibelgiji aliyeshika daftari aliyachanganya majina, akaandika Anuarite, anayeicheka vita, na likabaki hivyo. Hakuna kumbukumbu kwamba mtoto yule alilalamika. Alikwenda na jina la ndugu yake hadi darasani, hadi utawani, hadi kaburini, na leo hadi altareni.

Alipotaka kuwa mtawa, mama yake alikataa. Mwanamke aliyeachwa na mume anawahitaji mabinti zake, si shambani tu bali moyoni pia. Siku moja lori lilikuwa linawachukua wasichana kuwapeleka Bafwabaka, kwenye nyumba ya masista. Nengapeta akapanda bila kumuaga mtu. Mama alimtafuta siku kadhaa kabla ya kujua aliko. Alipojua alikubali, ingawa miaka baadaye, umaskini ulipomzidi, alimwomba arudi nyumbani kumsaidia. Binti alibaki utawani. Mimi sipendi kuipita sehemu hii haraka kana kwamba ni ushindi mtupu. Kulikuwa na mama aliyeumia, na binti aliyejua kwamba mama anaumia, na jambo hilo alilibeba.

Shirika alilojiunga nalo linaitwa Jamaa Takatifu. Jina ni Kiswahili kitupu, Kiswahili cha Kongo, ambako jamaa ndilo neno la wale wanaokaa chini ya paa moja; sisi huku tungesema Familia Takatifu. Agosti 5, 1959, akiwa na umri wa miaka 19, aliweka nadhiri zake za kwanza na kuitwa Sista Marie-Clémentine. Wazazi wake walihudhuria, wakaleta mbuzi wawili. Mbuzi wale wananieleza mengi kuliko hotuba yoyote: kwa watu wa huko, kama kwa watu wa kwetu Ngara, mnyama haongozwi kwa kamba mpaka kwa watu baki bila kusema neno. Mama alikuwa amemtoa mwanawe mbele za watu.

Kuanzia hapo inaanza ile miaka mitano ambayo wahubiri huiruka. Alifundisha watoto wa shule ya msingi. Alitunza sakristia, maana yake kufua na kupiga pasi vitambaa vya altare, kusugua vikombe, kuhakikisha divai na mishumaa haviishi. Alisaidia jikoni. Waliokaa naye walimkumbuka kama mtu mwepesi wa kuona kazi iliyoachwa na kuifanya bila kuuliza ni zamu ya nani. Aliyewahi kuishi bweni, konventi au hata nyumba ya ukoo yenye wake wengi anajua thamani ya mtu wa aina hiyo. Mitungi hujaa maji, majivu hutolewa jikoni, na hakuna anayejiuliza nani kafanya mpaka siku mtu yule akosekane.

Hakuwa malaika wa picha za ukutani. Alikuwa mtu wa hisia kali, mwenye wasiwasi, na aliyekuwa tayari kumkanya mwenzake usoni pale alipoona nadhiri zinachezewa. Alikuwa na daftari alimoandika maazimio yake, yale aliyoshindwa na yale aliyotaka kuanza upya. Alimpenda sana Maria Goretti, msichana wa Italia aliyeuawa mwaka 1902 akikataa kunajisiwa na akamsamehe aliyemchoma kisu. Na mfukoni mwa kanzu alikuja kubeba sanamu ndogo ya Bikira Maria. Nitairudia sanamu hiyo.

Utakatifu wa namna hii una historia yake. Teresa wa Mtoto Yesu alikufa Lisieux, Ufaransa, mwaka 1897 akiwa na miaka 24, bila kufanya jambo lolote ambalo gazeti lingeliandika. Kule Bukoba kuna shirika zima la masista linalobeba jina lake. Anuarite naye alikufa akiwa na miaka 24, zikiwa zimebaki wiki nne tu atimize 25. Tofauti ni kwamba Teresa aliandika kitabu kilichomfunua kwa dunia, na Anuarite alifunuliwa na watu wenye silaha.

Na jimboni kwetu tuliwahi kuwa na askofu aliyeuelewa utakatifu wa kufua na kuchota. Christopher Mwoleka aliongoza jimbo la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996, na alikwenda kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu haukufunuliwa kwetu kama kitendawili cha kutegua, ila kama maisha ya kuigwa: watu kushirikiana walicho nacho na walivyo. Nikisoma habari za Bafwabaka, konventi ya wasichana wa Kiafrika wakilima, wakipika na kufundisha pamoja, naona Mwoleka angejisikia nyumbani.

Mwaka 1964 uasi wa Simba uliikumba Kongo ya mashariki. Mwanzoni mwa Agosti waasi waliuteka mji wa Stanleyville, Kisangani ya leo, siku zilezile Anuarite alipokuwa anatimiza miaka mitano ya nadhiri. Novemba 24 askari wa miamvuli wa Ubelgiji walishushwa Stanleyville, na siku mbili baadaye Paulis, mji unaoitwa sasa Isiro. Wakachukua mateka waliowaokoa, wakaondoka. Hasira ya Simba ikawageukia waliobaki. Novemba 26 askofu wa Wamba, Joseph Wittebols, aliuawa.

Hapa mtu wa Benaco hahitaji maelezo marefu. Aprili 28 na 29, 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24, na vilima hivi tunavyoviona vikafunikwa na maturubai hadi makambi yalipofungwa mwishoni mwa 1996. Anajua kizuizi cha barabarani ni nini, na anajua sauti ya mtu anayesema, pandeni, tunawapeleka mahali pa usalama.

Ndivyo walivyoambiwa masista wa Bafwabaka. Novemba 29 lori la Simba lilifika, wanawake 46 wa konventi wakapandishwa, wakiahidiwa kupelekwa Wamba. Kabla ya kuondoka Anuarite alichukua ile sanamu ndogo, akaitia mfukoni. Lori halikwenda Wamba. Lilizunguka kupitia Ibambi na kuwafikisha Isiro, kwenye nyumba iliyojulikana kama Nyumba ya Bluu.

Usiku wa kuamkia Desemba 1, kanali mmoja aitwaye Ngalo alisema anamtaka Anuarite awe mke wake. Mama mkuu, Léontine Kasima, alikataa. Anuarite mwenyewe alikataa. Kazi ya kumlegeza akapewa Kanali Pierre Olombe. Alimtisha, akajaribu kumwingiza garini kwa nguvu, yeye na Sista Jean-Baptiste Bokuma. Waliposhikilia kukataa aliwapiga mpaka Bokuma akaanguka amezirai, mkono umevunjika. Katikati ya mapigo Anuarite alimwambia Olombe kwamba anamsamehe kwa kuwa hajui analofanya. Olombe akawaita askari wamchome, kisha yeye mwenyewe akampiga risasi kifuani. Masista wenzake walikuwa karibu, wakisikia.

Maneno yale ya msamaha ndiyo yanayonirudisha kwenye ile miaka mitano. Mtu hapati muda wa kutunga neno la namna hiyo huku anapigwa. Kinachotoka kinywani saa ile ni kile kilichokwisha kuwekwa akiba. Kuna wanaolieleza tukio lile kama habari ya ubikira peke yake, na ni kweli alikufa akilinda nadhiri yake. Lakini naona wanamnyima nusu ya sifa. Alikataa kwa ujasiri, na ndani ya kukataa huko hakumchukia aliyekuwa anamuua. Kukataa bila chuki ni kazi ya mazoezi ya kila siku, na Bafwabaka alikuwa na siku nyingi za mazoezi.

Agosti 15, 1985, Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa, mwanamke wa kwanza wa Kibantu kupewa heshima hiyo. Katika mahubiri yake Papa alitamka kwamba naye, kwa jina la Kanisa zima, anamsamehe muuaji kwa moyo wote. Kesho yake alipanda ndege kuja Nairobi.

Lakini kabla ya Kinshasa kulikuwa na kazi nyingine, isiyo na kwaya wala magari ya msafara. Anuarite alikuwa amefukiwa katika kaburi la pamoja. Miezi minane baada ya kifo chake, mwaka 1965, kaburi lile lilifukuliwa ili azikwe kwa heshima. Miili ilikuwa imekaa ardhini majira mazima ya mvua, na uso haukuweza tena kumtambulisha mtu. Waliofukua wakapapasa nguo. Katika mfuko wa kanzu mojawapo wakaikuta sanamu ndogo ya Bikira Maria.