Vizuia-matope vya gari la umeme: Jinsi ya kuvichagua na kuvifunga katika barabara za Mau Narok

MVUA za masika zinapoanza kunyesha Mau Narok, barabara za mashambani hugeuka kuwa tope zito linalonata kwenye magurudumu, likapanda hadi milangoni na kuwarukia waendao kwa miguu.

Eneo hilo la Njoro, Kaunti ya Nakuru, liko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Udongo wake wa asili ya volkano ndio unaostawisha viazi, ngano, shayiri, karoti na pareto. Udongo huo huo ndio unaowatesa madereva, kwani matrekta na malori yatokayo mashambani huacha mabonge yake hata penye lami.

Kwa mwenye gari la petroli au dizeli, aghalabu tope ni kero ya kuosha tu. Kwa mwenye gari la umeme jambo hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa kifaa chake cha bei ghali kuliko vyote, yaani betri, kwa kawaida kimelazwa chini ya sakafu, kikielekeana na barabara.

Magari ya aina hiyo bado ni machache nchini yakilinganishwa na yale ya mafuta, ingawa mwaka 2019 sheria ya fedha ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee kutoka asilimia 20 hadi 10. Miongoni mwa yanayoletwa kutoka Japan yakiwa yametumika ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010. Betri ya matoleo yake ya kwanza ina uzito wa karibu kilo 300, na tumbo la gari liko takriban sentimita 15 tu kutoka ardhini.

Kazi ya kizuia-matope

Kizuia-matope ni kipande cha mpira au plastiki kinachoning'inia nyuma ya gurudumu, chini ya madigadi. Kazi yake ni kudaka maji, udongo na changarawe zinazorushwa na tairi.

Mota ya umeme hutoa msukumo mkubwa mara tu kanyagio linapoguswa. Gurudumu likiteleza topeni, hurusha mawe na udongo kwa nguvu, yakapiga rangi ya milango, kingo za betri na nyaya zilizo chini. Mwendesha bodaboda aliye nyuma na mwanafunzi anayetembea kando ya barabara nao hupata sehemu yao.

Hata hivyo, kifaa hiki kina mipaka. Hakiwezi kuikinga betri isigongwe na jiwe lililosimama katikati ya njia, wala hakimpi dereva ruhusa ya kuvuka mto uliofurika. Pia hakichukui nafasi ya bamba la kinga linalofunika tumbo la gari, ambalo baadhi ya mafundi hulifungua wakati wa matengenezo na kusahau kulirudisha.

Kuchagua

Vilivyo bora ni vile vilivyoundwa kwa ajili ya gari husika na mwaka wake. Hukaa sawasawa na umbo la madigadi na hutumia matundu ya skrubu yaliyokuwapo tangu kiwandani. Vile vya kukatwa vitoshee gari lolote ni rahisi kupatikana, lakini huhitaji fundi mwangalifu.

Kuhusu malighafi, mpira laini au plastiki inayopindika hufaa zaidi nyanda za juu. Plastiki ngumu huweza kupasuka inapogongwa na jiwe au kukwaruza ukingo wa mtaro, hasa asubuhi za baridi kali ambazo Mau Narok huzijua vyema.

Mafundi wa jua kali hutengeneza vizuia-matope kwa matairi makuukuu, yale yale yatumiwayo kushonea akala. Mpira huo ni imara, lakini ni mzito na mara nyingi una nyuzi za chuma ndani yake. Uzito huo huweza kuing'oa ngozi nyepesi ya plastiki iliyo ndani ya madigadi, na nyuzi zikichomoza hukwaruza rangi au kukata tairi.

Ukubwa nao ni suala la kupimwa. Kizuia-matope kipana mno hukinzana na upepo katika barabara kuu ya Nakuru kwenda Nairobi na kula sehemu ya umeme wa betri. Hasara hiyo ni ndogo, lakini kwa gari kuukuu ambalo betri yake imechoka, na ambalo lina mlima wa kupanda kutoka Njoro, kila kilomita ina thamani. Inatosha kipande kizidi kidogo upana wa tairi.

Kufunga

Kabla ya kuanza, gari liegeshwe mahali tambarare, lichomolewe kwenye chaja, lizimwe kabisa na breki ya mkono ivutwe. Madigadi yaoshwe kwa ndani na kukaushwa, kwani udongo ukibaki chini ya mpira hukaa na unyevu na kuleta kutu.

Kwa magurudumu ya mbele, usukani ukizungushwa hadi mwisho nafasi ya mkono hupatikana. Ikilazimu kuinua gari, jeki iwekwe tu mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari, kwenye kingo za pembeni. Kuiweka chini ya betri kunaweza kulibonyeza kasha lake na kusababisha hasara kubwa.

Fundi ashike kipande mahali pake, akadirie, kisha atumie skrubu za zamani au nyingine za chuma kisichoshika kutu, zenye urefu ule ule.

Hatari iko kwenye kutoboa. Betri ya Leaf ina takriban volti 360, kiasi kinachoweza kuua. Nyaya za umeme huo mkali hufunikwa kwa rangi ya chungwa ili zitambulike. Keekee au skrubu ndefu isielekezwe kamwe mahali ambapo fundi haoni kilicho upande wa pili, wala karibu na kasha la betri. Ikiwa hakuna matundu ya kiwandani, ni heri kutafuta vibanio vya kushika ukingo wa madigadi kuliko kubahatisha.

Kati ya tairi na mpira iachwe nafasi ya angalau vidole vitatu. Nafasi ikiwa finyu, tope la Mau litashindiliwa humo na kulisugua tairi. Ukingo wa chini nao uwe juu ya ardhi kwa upana wa kiganja, ukipimwa gari likiwa limebeba abiria na mzigo wake wa kawaida.

Mwishowe usukani uzungushwe kulia na kushoto hadi mwisho kuhakikisha hakuna kinachogusa tairi.

Utunzaji

Skrubu zikazwe tena baada ya safari chache za kwanza, kwani mitetemo ya barabara mbovu huzilegeza. Msimu wa mvua, tope lililokwama nyuma ya mpira litolewe kabla halijakauka na kuwa gumu, maana likikauka huficha nyufa na michubuko ambayo mwenye gari angepaswa kuiona mapema.

Wanaoosha magari kwa mashine za maji ya kasi wasielekeze mkondo karibu na nyaya za rangi ya chungwa wala viungo vyake. Waya ukionekana umechubuka, usiguswe; gari lipelekwe kwa fundi aliyefunzwa kazi ya magari ya umeme.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Vipande vinne vya mpira vilivyofungwa kwa uangalifu ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na bei ya betri moja.