Niko nauzisha, nauzishaka

Vitabu vya sarufi ya Kiingereza vikifasiriwa, mara nyingi tunapewa majina mawili: wakati uliopo sahili na wakati uliopo endelevu. Hilo la sahili silipendi. Linataja umbo la kitenzi, kwamba hakina kisaidizi, bila kusema kina kazi gani. Mwanafunzi akisikia "uliopo" anaelewa sasa hivi, basi anaandika "I cook" huku mwiko uko mkononi. Endelevu nalo limekwisha kuchukuliwa na misitu, uvuvi na maendeleo. Wanasarufi wetu wanayo tayari majina bora, hali ya mazoea na hali ya kuendelea, na ndiyo ningeyaandika ubaoni.

Kiswahili sanifu chenyewe kinamwacha mwanafunzi njia panda. "Ninauza viatu" husemwa na aliyesimama mbele ya mteja, na pia na aliyelala nyumbani ambaye kazi yake ndiyo hiyo. Ipo hu-, ila haibebi nafsi: "huuza" ni mimi, wewe au yule?

Sasa nenda Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, kilomita 40 na ushee kutoka Lilongwe. Kiswahili kinachowaunganisha Wakongo, Warundi na Wanyarwanda hapo kina sauti ya Kongo ya mashariki. Mama wa Uvira akiwa na mteja atakwambia, "Niko nauzisha viatu." Akieleza riziki yake: "Nauzishaka viatu." (Kuuza, kwake, ni kununua.) Niko hiyo ndiyo "I am selling", -ka ya mwisho ndiyo "I sell". Tofauti inayowatoa jasho wanafunzi wa Dar es Salaam, yeye ameinyonya kwa mama yake. Na ndiyo -ka ile ile inayokatwa kwa kalamu nyekundu ati si Kiswahili! Inaniuma, kwa sababu anayeikata anamnyang'anya mtoto chombo alichokuja nacho darasani, halafu anahangaika kumtafutia kingine.

Mitaani pia msaada upo. Katika soko la Tsoka, Lilongwe, penye kaunjika, yaani mitumba, Mmalawi husema kwa Chichewa "ndimagulitsa" kwa kazi yake ya kila siku na "ndikugulitsa" kwa anachokifanya saa hiyo. Hiyo -ma- na hiyo -ku- zinafaa kuwekwa ubaoni sambamba na -ka na niko.

Ulinganisho huu una mpaka wake. "Niko najua" itamponza mwanafunzi, maana Kiingereza hakikubali "I am knowing". Vitenzi vya kujua, kutaka na kumiliki havitaki kuendelea. Kigumu zaidi ni kuishi. "I live in Dzaleka" ni makazi. "I am living in Dzaleka" ni kwa muda tu, nitaondoka. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaondoa Lilongwe wakimbizi wengi, wakiwemo wenye maduka, ikawarudisha kambini. Mtu kama huyo, au aliyezaliwa Dzaleka na bado anasubiri kupelekwa nchi nyingine, akiulizwa kwenye usaili anaishi wapi, achague ipi? "Naikalaka", au "niko naikala"? Kisarufi zote mbili ni sahihi, na mwalimu hana la kusahihisha hapo mpaka amemuuliza mwenyewe anajionaje.