Ultima IV: mchezo wa kompyuta usio na adui wa mwisho

Michezo mingi ya kompyuta huisha pale unapomuua adui mkuu. Ultima IV, uliotoka Marekani mwaka 1985, haukuwa na adui wa namna hiyo. Kazi ya mchezaji ilikuwa kuwa mtu mwema, na kompyuta ilikuwa ikimwangalia.

Ndani ya mchezo huu unakuwa msafiri katika nchi ya kubuni iitwayo Britannia. Unaongea na wenyeji, unanunua mahitaji, unapigana na mazimwi. Mtunzi wake ni Richard Garriott, kijana aliyekulia Texas, mtoto wa mwanaanga Owen Garriott. Mchezo wake wa kwanza aliuuza dukani ukiwa ndani ya mfuko wa plastiki tu.

Mwaka 1983 yeye, kaka yake na wenzao walifungua kampuni ya Origin, na barua za wachezaji zikaanza kumfikia moja kwa moja. Ndipo akajua watu wanavyocheza: wanaiba madukani na kuua wanakijiji wasio na kosa, kwa kuwa ndiyo njia rahisi ya kushinda. Wapo pia waliolalamikia picha ya shetani kwenye boksi la Ultima III.

Majibu yake yakawa Ultima IV na fadhila nane: ukweli, huruma, ushujaa, haki, kujitolea, heshima, utu wa kiroho na unyenyekevu. Kabla hujaanza safari unaulizwa maswali saba, kila moja likikutaka uchague kati ya fadhila mbili. Jibu la makosa halipo, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Halafu kuna yule muuza dawa kipofu. Anakutajia bei, wewe unaandika kiasi unachompa. Ukimpunja hasemi kitu, dawa unaondoka nayo. Lakini programu imeshahesabu kimyakimya, na alama zako za ukweli zimeshuka. Ukimpa ombaomba sarafu, huruma inapanda. Ukijigamba, unyenyekevu unapungua. Kwa maoni yangu, huyo kipofu ndiye mtihani mzuri kuliko mapigano yote ya mchezo ule.

Hayo yote yaliendeshwa na kompyuta ya Apple II yenye kumbukumbu ya kilobaiti 64. Picha moja unayopiga kwa simu janja leo kwa kawaida ni kubwa mara nyingi kuliko hapo.

Anayekamilisha fadhila zote nane huitwa Avatar, neno lililotoka Sanskriti, lugha ya kale ya India. Bado atashuka shimoni kukisoma kitabu cha hekima, na humo hulazimika kujibu maswali kuhusu fadhila hizohizo.

Mwaka 1988 ikaja Ultima V, na Garriott akaupindua mkeka. Safari hii mtawala aitwaye Blackthorn amezigeuza fadhila zilezile kuwa sheria za lazima: anayesema uongo anakatwa ulimi.