Wanawake wa Nyeri katika vyombo vya habari
Taswira potofu ya wanawake wanaopiga waume zao, iliyoenea Kenya mwaka 2012, pale televisheni na magazeti yalipoonyesha mfululizo wanaume wa Nyeri, katikati mwa Kenya, waliojeruhiwa na wake zao. Majeraha yalikuwa ya kweli. Kosa lilikuwa kuyafanya tabia ya wanawake wa eneo zima. Watangazaji na wachekeshaji waliidaka taswira hiyo, na binti akijitambulisha kuwa wa Nyeri huulizwa kama naye hupiga. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta asilimia 39 ya wanawake waliowahi kuolewa wamedhulumiwa kimwili au kingono na wenzi wao. Wanaume waliowahi kuoa, asilimia 9. Mume aliyepigwa huona haya kufika kituo cha polisi, maana kilio chake kimeshageuzwa kichekesho.