Jina Tungwa, Si Jina Badilifu

Ipo orodha ya istilahi inayozunguka kwenye simu za waandaaji wa programu, haina jina la mtunzi wala tarehe. Humo, jedwali ambalo jina lake huundwa na programu yenyewe inapoendeshwa limeitwa "meza badilifu". Nimeisoma mara mbili nikidhani ni mzaha.

Tuanze na meza. Kwetu Kikopey, meza ni pale anapowekwa mbuzi choma aliyepimwa kwa kilo, pamoja na ugali na kachumbari, malori yakinguruma kwenye barabara ya Nairobi kwenda Nakuru. Neno hilo ni la Wareno, mesa, nao walilirithi kutoka mensa ya Kilatini. Tangu lishuke pwani halijawahi kubeba safu ya takwimu. Aliyelitia kwenye kompyuta alikuta neno la Kiingereza lenye maana mbili, akachukua iliyo karibu na tumbo. Isitoshe, "meza data" kwa Kiswahili ni amri ya kumeza. Jedwali tunalo siku nyingi, kutoka jadwal ya Kiarabu, yaani kijito au mfereji mdogo wa maji, kisha mistari inayogawa ukurasa, kisha orodha yenyewe iliyopangwa kwa mistari hiyo. Edgar Codd alipoeleza data za kimahusiano mwaka 1970 hakuwa akiuza fanicha.

Lakini "badilifu" ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa linadanganya. Tuseme programu ya mauzo ya bucha inachukua neno mauzo, inaliunga na kituo, mwaka na mwezi, kisha inaunda jedwali mauzo_kikopey_2024_07. Miaka kumi baadaye jedwali hilo lingali na jina lilelile. Kilichobadilika ni kipi? Jina halikuandikwa kwa mkono kwenye msimbo, lilitungwa.

Ndiyo maana nasema jina tungwa. Kutunga ni kitenzi chenye ukoo mpana: shanga hutungwa kwenye uzi, shairi hutungwa, sheria hutungwa, mimba hutungwa, hata jipu hutunga usaha. Kote humo vilivyokuwa mbalimbali vinashikana vikawa kimoja. Na umbo lake si geni kwa yeyote aliyefundishwa kauli tendwa darasani. Mwenzangu mmoja, simtaji ingawa anajijua, alinikatiza mbele ya watu akisema jina la kutungwa ni jina la uongo. Naam, na ndiyo sababu sikusema "la kutungwa". Yeye alileta "jedwali la jina la kidinamiki", istilahi ambayo bila shaka ilimgharimu nusu kikombe cha chai.

Hapa kwetu jambo hili si la nadharia, maana mahali hapa pana tahajia mbili. Shamba la mifugo karibu na Gilgil, ambako Shirley Strum alianza kuchunguza nyani mwaka 1972, vitabuni ni Kekopey. Programu inayotunga jina kwa kufuata alichoandika karani itaunda majedwali mawili, na hesabu ya mbuzi itagawanyika bila mtu kushtuka.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi: vishika-nafasi vya hoja hupokea thamani, si majina ya majedwali, kwa hiyo jina tungwa lithibitishwe kwanza kwenye orodha ya majina yanayoruhusiwa, kisha linukuliwe kwa zana ya hifadhidata yenyewe, kama quote_ident ya PostgreSQL, la sivyo mtu atapenyeza amri zake humo. PostgreSQL kwa kawaida hukata jina linalozidi baiti 63. Mara nyingi jedwali moja lenye safu ya kituo na ya mwezi lingetosha.

Wingi wa jedwali la jina tungwa ni majedwali ya majina tungwa. Kitenzi ni kutunga jina, si "kudinamisha", neno nililolikuta kwenye mwongozo mmoja wa mafunzo na ambalo naomba lisichapishwe tena.