Babu Yangu na Karanga za Mwingereza

Babu yangu hakuujua mwaka aliozaliwa. Ukimwuliza anacheka, halafu anakwambia, "Matrekta yalipokuja nilikuwa tayari nachunga ng'ombe peke yangu. Piga hesabu mwenyewe, wewe si ndiyo umesoma?"

Matrekta hayo yalifika Kongwa mwaka 1947. Babu alifariki mwaka 2017. Kwa hesabu yangu aliishi miaka themanini na ushee.

Ndugu msomaji, huenda umewahi kupita Kibaigwa ukielekea Dodoma, umesinzia zako ndani ya basi. Hapo ulikuwa wilaya ya Kongwa. Ni nchi kavu ya Wagogo, nchi ya mibuyu, mtama na uwele.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 serikali yake ilimtuma John Wakefield na wenzake wawili kuikagua ardhi ya Afrika Mashariki. Walizunguka kwa wiki kama tisa tu, sehemu nyingi wakizitazama kutoka kwenye ndege. Wakatoka na mpango wa kulima karanga ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kongwa ikawa ya kwanza.

Babu naye akaacha ng'ombe, akaajiriwa kupaka grisi matrekta. Alisimulia jinsi matrekta mawili yalivyofungwa mnyororo na kuvuta vichaka, na jinsi nyuki walivyotoka kwenye mibuyu wakawatimua madereva. Mwaka wa kwanza walikusudia kulima ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000! Mvua zikawa haba, na jua lilipowaka udongo ulikauka ukawa kama sementi, karanga zikagoma kung'oka.

"Kwani nyinyi hamkujua?" nilimwuliza.

"Tulijua. Hata watoto walijua. Nani alituuliza?"

Januari 1951 mpango ulitangazwa kuachwa. Pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimekwisha teketea.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Nikiwa kidato cha tatu niliandika insha juu ya mpango huo, nikapata alama nzuri sana. Likizo nikaenda nayo kijijini, nikamsomea Babu huku namtafsiria, maana historia tulifundishwa kwa Kiingereza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na rafiki yangu mbona hayumo?"

"Rafiki gani, Babu?"

"Aliyeangukiwa na mbuyu. Tulikuwa tunakula sahani moja."

Nikanyamaza. Insha yangu ilikuwa na ekari, na pauni, na majina ya wakubwa. Kumbe nami nilikuwa nimeitazama Kongwa kutoka kwenye ndege.

Babu hakunigombeza. Alisema tu, "Mume mwenzangu, kabla hujakata mti, mwulize anayeishi chini yake." Alipenda kuniita hivyo, na Bibi tulimwita mke wetu.

Akanipa na mfano. Miaka ya 1960 Kongwa ilipokea kambi za wapigania uhuru: FRELIMO, SWAPO, ANC na wengineo. Mimi, kwa kupenda riwaya, nilitaka kusikia habari za bunduki. Yeye alichokumbuka ni vijana wawili wageni waliofika nyumbani kwake, wakamwamkia, wakamwuliza kisima kipi hakikauki kiangazi. "Hao niliwaonyesha," alisema. "Wa karanga hawakuniuliza."

Nilipomaliza kidato cha nne mwaka 2016 aliniambia, "Njoo Desemba na daftari, nikupe yote." Sikwenda. Nilikuwa Dar es Salaam nahangaika na kibarua, na usiku naandika riwaya ya mapenzi na ujambazi ambayo hata mimi mwenyewe nimeshaisahau. Nilikwenda mwaka uliofuata, kumzika.

Baada ya arobaini nilimwuliza Bibi jina la yule rafiki. Akatikisa kichwa. Wakati ule alikuwa bado hajaolewa, na Babu alikuwa akimtaja "mwenzangu" tu. Nikazunguka kwa wazee wawili watatu wa kijijini. Hakuna anayemkumbuka.

Sasa naandika riwaya ya Kongwa, na nimekwama kwake. Mnaweza kuniambia, "Bwana wee, mtungie jina, si wewe mtunzi?" Ni kweli. Lakini kila nikiandika jina nalifuta. Alikuwa mtu, na jina alikuwa nalo, nami nilipata nafasi ya kuliuliza nikakaa kimya kwa aibu. Kwa hiyo katika kitabu changu ataitwa Mwenzangu, kama Babu alivyomwita.

Vijana wenzangu mnaopenda kalamu, vitabu tusome, lakini babu zetu na bibi zetu hawatungoji tumalize kusoma. Kama unaye mmoja, nenda wikiendi hii na daftari. Na akikutajia mtu, uliza jina.

Babu, Mungu akulaze mahali pema. Daftari ninalo sasa.