Darasa lilikuwa kiwandani

Nimekuwa kimya, si mnajua tena wiki za testi. Leo mnivumilie niongee historia kidogo, maana kila tukishuka mjini kwa Morogoro Road tunapita Urafiki na sijawahi kusikia mtu akiuliza pale palikuwa na nini.

Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Enzi hizo Mwalimu alikuwa anaisukuma sana elimu ya watu wazima. Akatangaza 1970 kuwa mwaka wake, halafu 1973 Waziri Mkuu Kawawa akatoa waraka kwamba sehemu za kazi ziwe na elimu ya wafanyakazi. Yaani bosi ndiye atayarishe darasa! Kusoma, hesabu, ufundi na siasa (siasa ingekosekana vipi?). Kitaifa, wasiojua kusoma na kuandika walishuka toka 67% mwaka 1967 hadi 39% mwaka 1975. Jamani, si mchezo.

Tatizo ninaloliona mimi ni kwamba darasa lile lilikuwa mali ya kiwanda. Kiwanda kikiyumba, nalo linayumba. Miaka ya 80 fedha za kigeni zikawa hakuna, vipuri hakuna. 1992 ikaundwa PSRC, tume ya kurekebisha mashirika ya umma, ubinafsishaji ukashika kasi na watu wakapunguzwa kazi. Urafiki yenyewe ikawa ubia 1997, Wachina wakiwa na 51%. Sasa fikiria mzee wa miaka 45 ambaye maisha yake yote ni mashine ya kufuma. Unampa kiinua mgongo, kinaisha. Nani amkalishe chini amwambie mikono yake inaweza kufanya nini kingine hapa Dar? VETA ilianzishwa kwa sheria ya 1994, wakati wenyewe hasa, ila wengi tunaijua kama sehemu ya vijana waliomaliza shule.

Leo kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kabla ya kupunguza watu, mwajiri anatakiwa akae nao wazungumze. Kiinua mgongo, kwa kiwango cha chini, ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Piga hesabu: siku 70. Aliyetumikia miaka 25? Sheria inamhakikishia siku 70 zilezile.

Nyie wa kitivo cha sheria mko wapi? Hiyo miaka 10 waliitoa wapi?